Vitanzi visivyo na msimamizi: shajara ya mradi wa kuiga kromosomu

Februari, wiki ya kwanza

Lengo nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: programu ndogo, inayoweza kuendeshwa kwenye kompyuta za kawaida za shule, itakayoonyesha namna uzi mrefu wa DNA unavyokuwa kromosomu fupi na nene pale seli inapojiandaa kugawanyika. Walengwa ni wanafunzi wangu wa kidato cha tano. Vitabu tunavyotumia vinasema kromosomu "hujikunja na kufupika", halafu vinahamia metafezi, hatua ambayo kromosomu zimejipanga katikati ya seli. Mradi wangu unakaa hapo katikati, palipoachwa wazi.

Hesabu kwanza. Kromosomu namba 1 ya binadamu ina jozi za besi (vipande vidogo vinavyounda uzi wa DNA, kuanzia hapa nitaviita jozi tu) milioni 249 hivi. Kila jozi inachukua nanomita 0.34, kwa hiyo DNA hiyo ikinyooshwa inafika sentimita 8 na nusu. Kwenye metafezi, urefu wa kromosomu hiyohiyo ni kama mikromita 10. Uzi umefupishwa mara 8,500. Histoni, zile protini ambazo DNA inazizunguka, zinafupisha mara sita au saba tu. Ukigawanya, inabaki kazi ya kufupisha zaidi ya mara elfu moja, na lazima pawe na anayeifanya.

Halafu kufupisha peke yake hakutoshi. Ningeweza kuufinya uzi wote ukawa donge, na donge ni fupi vizuri tu. Lakini seli ya binadamu ina kromosomu 46, kila moja imeshanakiliwa ikawa kromatidi dada mbili, na zote zinatakiwa kuachana bila kukatika. Donge haligawanyiki. Kinachotakiwa ni mpangilio: kila kipande kibaki jirani na jirani yake wa asili, na uzi mmoja usijichanganye na mwingine.

Februari, katikati ya mwezi

Wiki mbili za kusoma, msimbo hakuna.

Walther Flemming alichora mgawanyiko huu kwa mkono, na kitabu chake cha mwaka 1882 bado kinashangaza kwa usahihi wa michoro, ukizingatia darubini alizokuwa nazo. Ila yeye aliona nyuzi tu, kilichozipanga hakukiona.

Mwaka 1977 James Paulson na Ulrich Laemmli waliziondoa histoni kwenye kromosomu za metafezi, wakatazama kwa darubini ya elektroni. Umbo la kromosomu halikupotea. Katikati kulibaki kiunzi cha protini, na kutoka kwenye kiunzi hicho DNA ilitoka na kurudi kwa vitanzi, kila kitanzi kikiwa na jozi kati ya 30,000 na 90,000 hivi. Namba hizo nimezizungushia wino mwekundu, nitazihitaji baadaye.

Kiunzi hicho kimejengwa na nini? Jibu kubwa lilikuja mwaka 1997, pale Tatsuya Hirano na wenzake walipotenga kutoka kwenye mayai ya Xenopus laevis, chura wa kusini mwa Afrika, kundi la protini tano zinazofanya kazi pamoja. Wakaliita kondensini. Ukiliondoa kwenye rojo la mayai hayo, DNA inabaki wingu lisilo na umbo. Ukilirudisha, kromosomu zinajitokeza. Mwaka 2015 maabara ya Hirano ilikwenda mbali zaidi: walichukua viini vya mbegu za kiume za chura, wakaongeza vitu sita tu vilivyosafishwa, yaani histoni, protini tatu zinazosaidia kuzipachika, topoisomerasi II (kimeng'enya kinachokata na kuunga DNA) na kondensini I (moja ya aina mbili za kondensini), wakapata kromatidi. Sita! Mimi nilidhani orodha ingejaza ukurasa.

Miaka miwili baadaye walionyesha jambo lililonifanya nifute mchoro niliokuwa nimeuandaa kwa ajili ya ubao. Kromosomu ikijengwa karibu bila histoni zilizopachikwa, umbo la msingi bado linatokea, mradi kondensini na topoisomerasi II zipo. Ule mchoro wa ngazi kwa ngazi, uzi juu ya bobini, bobini ndani ya msokoto, msokoto ndani ya msokoto mkubwa zaidi, ni mzuri kwa macho, lakini sioni sababu ya kuendelea kuufundisha kama ulivyo.

Machi, mwanzoni

Sasa kanuni za programu. Wazo lenyewe, kwamba protini hizi huivuta DNA na kuitoa kwa kitanzi, lilipendekezwa zamani kidogo kabla halijaonekana. Kim Nasmyth alilieleza mwaka 2001, na wanafizikia wakaanza kulifanyia hesabu muongo uliofuata. Mwaka 2018 timu ya Cees Dekker kule Delft, Uholanzi, pamoja na Christian Haering, ikaliona kwa macho. Walifunga uzi wa DNA ncha zote mbili kwenye kioo, wakaweka kondensini ya hamira na ATP, nishati ya seli, wakakitazama kitanzi kikikua mbele yao kwa kasi iliyofikia jozi 1,500 kwa sekunde.

Darasani nitaeleza hivi: ni kama mvuvi aliyesimama ufukweni akivuta kamba ya juya. Yeye hasogei. Kamba inakuja kwake, na inayozidi inajilundika kitanzi miguuni.

Kondensini ina mikono miwili mirefu, nanomita 50 hivi kila mmoja, na kwa ATP moja inaweza kuruka mamia ya jozi. Kinesini, injini ile ya kubeba mizigo ndani ya seli ambayo wanafunzi huipenda kwa sababu ya video zake, inatembea nanomita 8 kwa hatua. Kondensini inaishinda mbali kwa urefu wa hatua, ila ni dhaifu: ukiuvuta uzi kidogo tu, inakwama.

Hesabu ya muda niliifanya nikisubiri umeme urudi. Kondensini moja ikipewa kromosomu 1 nzima, kwa jozi 1,500 kwa sekunde itahitaji sekunde 166,000, karibu saa 46. Seli ya binadamu humaliza mitosisi, yaani mgawanyiko wa kromosomu, yote kwa muda wa saa moja hivi. Lakini ukizigawia kazi kondensini nyingi, kila moja kitanzi cha jozi 80,000, kila moja inamaliza chini ya dakika moja. Vitanzi hivyo ni kama 3,100 kwa kila kromatidi ya kromosomu 1. Kwa hiyo kazi si kubwa kupita kiasi. Swali ni nani anazigawia maeneo hizo elfu tatu na zaidi.

Machi, mwishoni

Msimbo umesimama, kwa Python. Uzi ni mstari wa vituo 10,000, kila kituo ni jozi elfu moja, jumla jozi milioni 10. Kondensini ni 200, wastani wa moja kwa kila jozi 50,000. Kila moja inatua popote kwa bahati nasibu, miguu yake miwili ikiwa vituo jirani, kisha miguu inaachana, mmoja kushoto, mwingine kulia. Mguu ukikutana na mguu wa kondensini nyingine unasimama. Kila baada ya muda kondensini inadondoka, na mahali pengine popote inatua nyingine. Muda wa kukaa nimeuweka wastani wa dakika tano, kwa kuwa vipimo vya mng'ao ndani ya seli hai vinaonyesha kondensini I hubadilishana kila baada ya dakika chache.

Ni hayo tu. Hakuna mstari hata mmoja kwenye msimbo unaosema kromosomu inatakiwa iweje.

Aprili

Matokeo ya kwanza yenye maana. Vitanzi nimevichora kama matao juu ya mstari. Mwanzoni kuna matao madogo yaliyotawanyika, na kati yake uzi mtupu. Matao yanakua, yanagusana, na baada ya dakika chache za ndani ya programu hakuna uzi mtupu uliobaki. Kitanzi kinaanzia pale kingine kinapoishia, kutoka ncha hadi ncha.

Nilionyesha darasani kwa projekta. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ile inayodondoka ikiacha kitanzi chake, si patabaki shimo?"

Nikamwambia aje mbele aangalie mwenyewe, tukapunguza kasi ya mchoro. Kondensini ikidondoka, kitanzi chake kinafunguka, na majirani wa pande zote mbili, ambao miguu yao ilikuwa imekwama hapo, wanapata nafasi. Wanaanza kuvuta tena, wanakutana katikati. Shimo limezibika bila kuitwa mtu. Na ile iliyodondoka ikitua ndani ya kitanzi cha mwingine, inavuta mpaka inafika kwenye shina la kitanzi hicho na kusimama hapo pamoja na mwenyeji. Sasa shina lina kondensini mbili. Mmoja akiondoka, kitanzi hakianguki. Mara chache mbili zinatua ndani ya kitanzi kimoja kwa karibu wakati mmoja, na kitanzi kinagawanyika viwili.

"Kwa hiyo hakuna anayezipanga?" akauliza.

Nikamjibu kwamba asubiri mwezi ujao.

Nimejaribu pia kupunguza muda wa kukaa. Kondensini zikidondoka haraka kabla ya kufikia majirani, matao yanabaki visiwa na uzi mwingi unabaki nje. Kinachoamua ni uwiano: umbali ambao kondensini moja ingevuta kabla ya kudondoka, ukilinganishwa na nafasi iliyopo kati yake na mwenzake. Kwangu ni jozi 300,000 kwa 50,000, mara sita. Anton Goloborodko, John Marko na Leonid Mirny walionyesha hili mwaka 2016, na inafurahisha kuliona likitokea lenyewe kwenye kompyuta ya shule.

Mei

Mwezi huu nimekaa sehemu moja tu, nami sijuti.

Video za Delft zinaonyesha jambo ambalo msimbo wangu wa Aprili haukuwa nalo. Kondensini ya hamira haivuti kwa pande zote mbili. Mguu mmoja umetia nanga, mwingine ndio unaovuta. Ni mabadiliko madogo sana kwenye msimbo: kila kondensini inapotua, chagua kwa kurusha shilingi upande mmoja wa kuvuta, mwingine usisogee.

Nikaendesha. Mipasuko, yaani mianya ya uzi mtupu, ikajaa kila mahali na haikuzibika, hata nilipoongeza muda wa kukaa mara kumi.

Sababu inapatikana kwa karatasi na kalamu. Chukua kondensini mbili jirani, A kushoto na B kulia. A inaweza kuvuta kulia au kushoto, na B vilevile. Jumla ni hali nne. A ikivuta kulia, mguu wake utafika kwa B na nafasi itazibika. B ikivuta kushoto, itafika kwa A, imezibika. Hali moja tu imebaki, A ikivuta kushoto na B ikivuta kulia. Hapo zimepeana migongo. Nanga zao ndizo zinazotazamana, na uzi ulio kati yao hauna mwenyewe. Robo ya majirani wote wako hivyo. Nyingine inaweza kutua ndani ya mwanya, ndiyo, lakini nayo ina upande mmoja tu: itafika kwa jirani mmoja na kuacha mwanya kwa mwingine.

Robo inaonekana kidogo. Lakini kitanzi, kwa urefu wa mhimili (ule uti wa katikati ya kromosomu ambako vitanzi hutokea), kinahesabika kama hakipo, kwani kimetoka pembeni, wakati uzi ulio kwenye mwanya unabaki na urefu wake wote. Mianya ndiyo inayotawala urefu wa kromosomu. Edward Banigan, Mirny na wenzao walifanya hesabu hii kwa kina mwaka 2020. Kuvuta upande mmoja kunafikia kufupisha mara kumi hivi, basi. Sisi tunahitaji mara elfu.

Mwenzangu wa fizikia, niliyemwita aje kuhakiki, alitazama grafu kimya kwa muda, kisha akasema, "Basi ama hamira si binadamu, ama kuna kitu hamjakiona." Vyote viwili viligeuka kuwa na ukweli. Kromosomu za hamira ni fupi sana, haziihitaji mara elfu. Na kondensini za binadamu zilipowekwa kwenye kioo mwaka 2020, baadhi zilionekana zikivuta pande zote mbili. Kohesini ya binadamu, protini ndugu yake, ilikuwa imeonekana ikifanya hivyo mwaka mmoja kabla.

Kwenye programu nimeweka kitelezi, kutoka kondensini zote za upande mmoja hadi zote za pande mbili. Ukikisogeza taratibu unaona urefu wa mhimili ukiporomoka, lakini zaidi ya nusu ya njia bado mianya ipo. Wachache wa upande mmoja wanatosha kuharibu.

Juni, likizo

Kazi ya haraka: aina ya pili. Seli zetu zina kondensini mbili, I na II. Ya II hukaa ndani ya kiini muda wote na huanza kazi kwenye profezi, hatua ya kwanza ya mitosisi. Ya I iko nje, kwenye saitoplazimu, na hupata nafasi utando wa kiini unapovunjika. Timu za Job Dekker, Mirny na William Earnshaw ziliyafuatilia haya mwaka 2018 kwa seli za kuku, zikisimamishwa zote mlangoni pa mitosisi na kuachiwa kwa pamoja. Kondensini II inatengeneza vitanzi vikubwa, jozi kama 400,000, na inauzungusha mhimili kama ngazi ya mzunguko. Kondensini I inaingia na kuvikata vitanzi hivyo ndani kwa ndani kuwa vidogo vya jozi 80,000. Rudi kwenye wino mwekundu wa Februari: 30,000 hadi 90,000, kutoka picha za 1977.

Kwenye msimbo ni mistari michache. Kondensini II nimezifanya adimu na zenye kukaa muda mrefu, I nyingi na za kuhamahama. Nikiziachia zote kwa wakati mmoja, mpangilio wa vitanzi ndani ya vitanzi bado unatokea, nadhifu vilevile kwa macho yangu. Kwa hiyo programu yangu haiwezi kueleza kwa nini seli inazingoja zamu. Mzunguko wa ngazi nao hauwezi kuonekana kwenye mstari wenye kipimo kimoja.

Julai

Wanafunzi wamerudi, sasa ni kidato cha sita, na programu nimeitoa kwenye mstari nikaiingiza kwenye vipimo vitatu (3D). Minyororo miwili mifupi, dada wawili, imechanganyika tangu mwanzo. Kompyuta inalalamika kwa feni usiku kucha.

Hapa topoisomerasi II inaingia. Kazi yake ni kukata nyuzi zote mbili za DNA, kupitisha DNA nyingine katikati, na kuunga tena. Kwenye programu nimeiwakilisha kwa kuruhusu minyororo kupenyana kwa gharama ndogo ya nishati. Ikiruhusiwa, vitanzi vinapokua vinasukumana, na kila dada anajikusanya upande wake, mihimili miwili sambamba. Nikizuia kupenya, vitanzi vinakua lakini dada wanabaki wamefungana mafundo. Hakuna anayewaambia waachane. Ni vitanzi kukosa nafasi tu.

Wasiachane kabisa, hata hivyo. Kohesini, pete inayowashika dada tangu DNA iliponakiliwa, huondolewa kwenye mikono ya kromosomu wakati wa profezi na protini iitwayo Wapl. Kwenye sentromia, sehemu dada wanaposhikana, inabaki, kwa kuwa inalindwa na protini iitwayo shugoshini. Kimeng'enya kiitwacho separasi ndicho huikata mwishoni. Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Frank Uhlmann na wenzake katika maabara ya Nasmyth kule Vienna, mwaka 2000. Walitengeneza hamira yenye kohesini inayoweza kukatwa na kimeng'enya cha virusi vya mmea wa tumbaku, kitu kisichohusiana kabisa na hamira. Kimeng'enya kikatengenezwa ndani ya hamira, kohesini ikakatika, dada wakaachana na kuelekea kwenye ncha zao. Kukata pete kulitosha.

Ki-67, protini inayofunika uso wa kromosomu na kuzizuia zisigandamane, nimeiacha nje. Programu yangu ina kromosomu moja na dada yake. Majirani wa kugandamana nao hawapo.

Agosti

Nimerudi kwenye tatizo la Mei, kwa sababu mwaka 2025 maabara za Delft na Vienna zilichapisha kazi iliyolichokonoa upya. Walipoangalia kwa makini zaidi, hata kohesini ile iliyodhaniwa inavuta pande mbili ilionekana ikivuta upande mmoja kwa wakati mmoja, kisha ikigeuza upande. Kwa mtazamaji wa haraka, kugeuza mara kwa mara kunafanana na kuvuta pande zote.

Nimeongeza kanuni: kila kondensini ya upande mmoja ina uwezekano wa kugeuza kabla ya kudondoka. Nikiweka kugeuza kuwa adimu, mara moja au chini ya hapo kwa maisha ya kondensini, mipasuko ipo kama ya Mei. Nikiweka kugeuza kuwa kwa haraka ukilinganisha na muda wa kukaa, zile mbili zilizopeana migongo hazikai hivyo muda mrefu. Mmoja anageuka, anavuta, mwanya unafungwa. Matao yanaungana ncha hadi ncha, kama ya Aprili.

Yule msichana wa dawati la nyuma ameomba aweke kitelezi chake mwenyewe: muda wa kugeuza ukilinganishwa na muda wa kukaa. Nimempa msimbo. Ameuliza pia kama kugeuza kunahitaji ATP au ni kuteleza tu, na kwa kondensini iliyotua ndani ya kitanzi cha mwenzake, itageukia wapi ikiwa pande zote zimeshakwama. La pili tunaweza kulijaribu Jumamosi, maabara ikiwa wazi na umeme ukiwepo.